Tandiko la Saruul

Daktari alipachika picha kwenye kioo chenye taa
akaniuliza kazi yangu kabla hajasema neno.
Nikamjibu: hutengeneza matandiko ya farasi,
hapahapa Arvaikheer, kama baba, kama babu.
Basi utaelewa upesi, akasema.

Kuna kikombe, na kuna mpira wa mfupa.
Mtoto akisimama, mpira hukichimba kikombe,
kikombe kikauzoea, kikaushika.
Wako hajasimama.
Mtindio wa ubongo unaivuta misuli ya mapaja
kama hatamu mkononi mwa mpandaji mwoga,
ndani, ndani, usiku na mchana,
na mpira unachungulia nje.
Akaweka rula: asilimia thelathini na moja.

Mimi hupima kwa shubiri.
Niliitazama ile theluthi isiyo na paa
nikawaza kondoo waliosahauliwa nje ya zizi, mwezi wa Januari.

Nyumbani Saruul alikaa palipopatikana:
mapajani pa bibi yake, pembe ya kitanda,
magoti yote mawili yamelala kushoto
kama nyasi upande unakoelekea upepo.
Miaka mitano tulidhani anapenda kutazama mlango.

Oyuungerel, tabibu wa viungo, alipiga magoti sakafuni.
Anza na fupanyonga, alisema. Likiinama hilo,
usiulaumu mgongo, usiilaumu shingo.
Kina cha kiti: kisogoe hadi nyuma ya goti,
kibaki na nafasi ya vidole viwili.
Nyayo zipate ubao.
Magoti yaachane, lakini usiyalazimishe,
yashawishi.

Hapo ndipo nilipocheka, nikaona haya kucheka.
Huku kwetu mtoto hupandishwa farasi
kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi,
miguu huku na huku, tumbo la mnyama katikati.
Wake tu ndio hatukuwahi kuitenganisha.
Tulimfunga blanketi, miguu pamoja,
tukaita huruma.

Kiti cha kwanza nilikosea.
Nilikibana kama tandiko la mashindano,
kikaacha wekundu ndani ya paja
na kilio kilichovuka ua hadi kwa jirani.
Nikakipasua. Kikachemsha chai ya chumvi,
na chai ile ilikuwa chungu, ingawa bibi alikana.

Cha pili ni cha mbetula.
Kitako cha manyoya ya kondoo yaliyogandamizwa,
kigingi kifupi, cha mviringo, kati ya magoti,
mkanda unaopita chini ya kiuno, si tumboni,
na vipande vinne vya fedha vya tandiko la babu.
Fedha haisaidii nyonga, alisema Oyuungerel.
Najua.
Ila bila fedha ni ubao tu,
na binti yangu hakai juu ya ubao tu.

Siku ya tatu, makalio yametulia, mikono ikakosa kazi ya kujishikilia.
Ukaenda mmoja, wa kulia,
polepole, ukitetemeka, ukikosea, ukirudi,
hadi kwenye vifupa vya kifundo cha kondoo ambavyo dada zake
huvitupa mezani kubashiri bahati.
Akakikamata kimoja. Akakitupa.
Kilibingirika chini ya jiko
na hakuna aliyeona kama kilianguka farasi au mbuzi.
Alicheka mpaka mate yakamwagika kwenye fedha ya babu.

Baada ya miezi sita, taa ileile, rula ileile.
Thelathini na mbili.
Nilitaka nambari irudi nyuma, nikiri.
Daktari alisema: kiti si dawa,
huenda siku moja nikahitaji kisu, sikufichi.
Ila anakaa wapi saa zote hizi ambazo mimi simwoni?
Nikamwambia.
Akaniomba nimchoree.

Saruul amerefuka vidole viwili tangu theluji ianguke.
Ile nafasi nyuma ya goti imepita kipimo.
Juu ya kabati, mbali na moshi,
mbao za kiti cha tatu zinakauka.